Mama alipiga mara saba

Niligusa kitufe cha pembeni saa kumi na moja na nusu alfajiri nione ni saa ngapi, na simu ikaanza kutetemeka mkononi kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu. Mtandao ulikuwa unamwaga taarifa za usiku kucha kwa mkupuo: namba hii ilikutafuta saa 2:14 usiku. Namba hii ilikutafuta saa 2:20. Namba ile ile, mara saba, ya mwisho saa 5:03.

Namba ya mama.

Betri ilikuwa asilimia 61. Salio lilikuwepo, bando lilikuwepo. Simu ilikuwa juu ya meza, hatua moja kutoka kichwani pangu, na usiku ule wote haikuita hata mara moja.

Mama alikuwa anatoka Muheza anakuja kwangu Dar. Basi lilimfia Chalinze. Abiria wakaambiwa wasubiri gari jingine, na ilipofika saa mbili wengi walishatoa nauli ya pili wakadandia magari ya kupita. Yeye nauli ya pili hakuwa nayo. Alichohitaji ni kunipigia tu, nimrushie elfu kumi na tano, apande gari. Kila alipopiga, yule dada wa mtandao alimjibu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akalala kwenye benchi la mama ntilie mmoja aliyemwazima khanga ya kujifunika.

Alipofika asubuhi hakulalamika. Alikunywa chai, akaitazama ile simu mezani, akauliza: "Mwanangu, hiyo simu yako huwa inapokea?"

Swali hilo nimetembea nalo wiki sita.

Kwa nini niliiweka

Ni simu ya zamani niliyoifuta Android nikaiwekea Linux kamili, mfumo huria wa aina ile ile unaoendesha kompyuta yangu ya kazi. Mnaonisoma siku nyingi mnajua sababu, sitazirudia. Niseme tu kwamba sikufanya kwa ajili ya kujionyesha. Nilifanya kwa kuwa naamini kitu ulichokilipia, unacholala nacho chumba kimoja, kinachojua unakokwenda na unayeongea naye, kinapaswa kukutii wewe kwanza. Imani hiyo ninayo hadi leo.

Ila usiku wa Chalinze ndiyo mara ya kwanza imani hiyo kumgharimu mtu mwingine.

Mimi nilichagua. Mama hakuchagua.

Meza ya Sinza

Jumapili moja kila mwezi tunakutana Sinza, nyuma ya duka la juisi, watu sita au saba wenye ugonjwa mmoja. Yupo mwalimu wa sekondari, yupo mwanafunzi wa chuo, wapo waandishi wa programu, na yupo fundi simu mmoja wa Kariakoo ambaye huwa anasikiliza kuliko anavyosema. Ubishi wetu ni ule ule: hizi simu za Linux zina kesho, au tunapoteza muda?

Safari hii jamaa yetu aliyerudi kutoka Ujerumani aliweka mezani PinePhone, simu ya Linux. Aliingiza ukucha kwenye kona, kifuniko cha nyuma kikafunguka kama cha Nokia za enzi zile. Pembeni kidogo zimepangwa swichi sita, kila moja kama punje ya mchele. Akachukua kijiti cha meno akasukuma ya kwanza: modemu, ile inayoongea na mnara, imezima. Ya pili, Wi-Fi na Bluetooth. Ya tatu, maikrofoni. Kisha kamera ya nyuma, kamera ya mbele, na ya mwisho tundu la spika za masikioni.

"Hapa hakuna kuambiwa kwamba imezima," alisema. "Imezima."

Tuliinama wote tukatazama. Nakiri nilipata hisia niliyoipata nilipofungua kompyuta kwa bisibisi mara ya kwanza. Kwake yeye ubishi ulikuwa umekwisha: kesho ni simu zilizozaliwa huru, zilizotengenezwa kwa ajili hiyo tangu kiwandani. Na hii ilianza kutumwa kwa wanunuzi mwaka 2020 kwa dola 149, siyo bei ya kutisha.

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole simu na mifumo ya Linux iliyotangulia. Neo 1973 ya Openmoko, Julai 2007, iko wapi? Nokia N900 ya mwaka 2009, ile yenye kibodi ya kuteleza na mfumo wa Maemo ndani, mashine ambayo ungeweza kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, ukiwa kwenye daladala. Februari 2011 Nokia ikahamia kwenye Windows Phone ya Microsoft, na N9 iliyotoka mwaka huo huo ilizaliwa ikiwa imeshahukumiwa. Ubuntu Edge, mwaka 2013, iliomba watu dola milioni 32 ndani ya mwezi mmoja, ikapata kama 12 na ushee, haikutengenezwa. Firefox OS, Desemba 2015, Mozilla wakatangaza kuacha simu. Aprili 2017 Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Canonical, akatangaza kwamba kampuni hiyo inaachana na Ubuntu ya simu. Librem 5 ilianza kuchangiwa mwaka 2017, ikaahidiwa Januari 2019, na ile ya kuzalishwa kwa wingi ikaanza kutumwa Novemba 2020.

"Kila baada ya miaka mitatu tunazika," alisema mwalimu, "halafu tunashika mtoto mwingine tunasema, angalieni, anafanana na marehemu."

Mwenye PinePhone alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa zuri. Alisema katika hao wote hakuna aliyezikwa kweli. Ubuntu Touch, ile Ubuntu ya simu, ilichukuliwa na watu wa kujitolea wa UBports na ipo hadi leo. Wahandisi waliotoka Nokia walianzisha Jolla, na mfumo wao wa Sailfish bado unatembea. Hata N900, simu ya mwaka 2009, kuna watu wanaiwekea Maemo Leste, Maemo iliyofufuliwa, yenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya siku hizi. Kampuni hufa, msimbo hubaki.

Mwanafunzi akasema kwake inatosha Android iliyoondolewa Google: programu zote zinafanya kazi, betri inakaa, ya nini kujitesa?

Wakanigeukia mimi. Nikawaeleza habari ya Chalinze.

Kukawa kimya. Kisha kila mmoja akaivuta habari ile upande wake: mmoja akasema hiyo ndiyo sababu ya kununua simu iliyotengenezwa maalumu, mwingine akasema ndiyo sababu ya kuacha kabisa. Niliona mama yangu amegeuka hoja ya mezani, na moyo haukuridhika.

Ndipo fundi akasema maneno yake machache. "Hizi mnazobishania mimi sijawahi kuletewa hata moja. Lakini droo yangu ina simu kama arobaini. Kioo kizima, chaji inaingia, spika nzima. Zimekufa kwa programu tu. Hizo mbona hamzitaji?"

Hakuna aliyemjibu. Juisi zikaletwa, tukaingia kwenye mambo ya kamera.

Simu moja, kompyuta mbili

Kabla sijafika kwenye droo, ilinibidi nijue kwanza kilichotokea usiku ule.

Ndani ya simu yako zimo kompyuta mbili, si moja. Ya kwanza ni ile unayoigusa: chipu kuu, kioo, programu. Ya pili ni modemu, na hiyo ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na programu yake inayoongea na mnara. Programu hiyo imefungwa. Sijui simu hata moja unayoweza kuinunua dukani ambayo sehemu hiyo iko wazi yote. Katika PinePhone ndani ya modemu yenyewe mna Linux nyingine ndogo, na wapenzi wameweza kuibadilisha kwa yao. Hata hivyo ile sehemu ya ndani kabisa, inayozungumza na mnara, bado ni ya mwenye kiwanda.

Ili betri ifike jioni, chipu kuu inalala. Modemu inabaki macho kama mlinzi wa usiku. Simu ikiingia, mlinzi anavuta kamba, chipu kuu inaamka, inawasha kioo, inapiga mlio, na yote hayo yawe yametimia kabla mpigaji hajakata tamaa. Mlinzi akivuta kamba na mwenye nyumba asisikie, umepoteza simu. Mlinzi mwenyewe akizimia, ni balaa zaidi, maana mwenye nyumba amelala na hana habari kwamba getini hakuna mtu.

Kwangu mlinzi alizimia.

Nilisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Saa 1:52 usiku modemu iliacha kujibu. Kitu cha kuigundua na kuiwasha upya kilikuwepo, ila nacho kilikuwa usingizini pamoja na chipu kuu. Basi kwa mnara mimi sikuwepo duniani. Saa 11:30 nilipogusa kitufe, kila kitu kikaamka, modemu ikawashwa upya, na ujumbe ukamiminika.

Kwenye simu za madukani kazi hii ya kulala na kuamka wanaifanya wahandisi wanaolipwa, wenye nyaraka za chipu mkononi. Kwetu inafanywa na mtu aliyetoka kazini, ameshalaza watoto, na nyaraka hizo hajapewa. Ninapoandika kwamba simu yangu ilishindwa sitaki mtu asome kama lawama kwa hao. Wanafanya kazi gizani, na bado wamefika mbali hivi.

Hata hivyo nilijiuliza jambo moja ambalo halikuniacha. Pale mezani tulizungumza kamera, kasi, ramu na muonekano. Mlio wa simu hatukuutaja mpaka mama yangu alale kwenye benchi.

Mwaka 2007

Nikiwa katika kusoma historia hii, tarehe moja ilinigonga.

Machi 2007, Kenya, M-Pesa inaanza. Juni 2007, Marekani, iPhone inaingia sokoni. Julai 2007, Neo 1973 inaanza kuuzwa kwa wataalamu, simu ya Linux iliyo wazi kuliko zote zilizotangulia. Novemba mwaka huo huo Google inaitangaza Android.

Vitu vinne ndani ya mwaka mmoja. iPhone na Android zikachukua mifuko ya watu. M-Pesa ikachukua maisha ya watu huku kwetu. Neo 1973 ikabaki kwa wachache.

Zamani ningesema tofauti ni fedha, na fedha ilikuwa sehemu yake. Lakini M-Pesa nayo ilikuwa na jambo lake ambalo sisi wapenzi wa simu huria hatujajifunza. Haikumwambia mtu anunue simu mpya. Ilihitaji laini mpya tu. Simu ni ile ile uliyonayo, yenye tochi na kioo cha rangi moja. Mama muuza ndizi hakuulizwa kifaa chake ni toleo gani.

Sisi kwa karibu miaka ishirini tumekuwa tukimwambia kila mtu: kwanza nunua hii.

Na hii ninayosema imenigeuza. Nilikuwa upande wa mwenye PinePhone, moja kwa moja. Niliamini siku itakuja simu moja, iliyozaliwa huru, nzuri ya kutosha, na wote watahamia. Sasa siamini hivyo tena. Zile simu zilizozaliwa huru zina kazi yao kubwa: ndizo maabara. Mengi tunayoyatumia leo, ile Phosh, muonekano wa skrini ulioanzia kwenye Librem 5, uwezo wa kuongea na modemu kwa njia zilizo wazi, yalikomazwa huko. Lakini watu hawatahamia maabara.

Nyota mia moja hamsini

Mama alipokuwa anarudi Muheza nilimtumia nauli kwa simu ile ile iliyomwangusha. Nilitaka iwe hivyo.

Menyu ya nyota na reli haihitaji programu yoyote. Ni maandishi yanayokwenda kwenye modemu na kurudi. Nilifungua terminali, nikaandika:

mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*150*00#"

Sekunde tatu, nne, na maandishi yakarudi, menyu ile ile ambayo kila mtu hapa anaijua kwa moyo, kuanzia namba moja ya kutuma pesa. Nikajibu 1. Nikajibu namba ya mama. Nikajibu kiasi. Nikaweka namba ya siri, na muamala ukakamilika.

Nilikaa kimya kidogo. Hapakuwa na programu ya kampuni, hapakuwa na duka la programu, hapakuwa na mtu wa kuuliza kama simu yangu imeidhinishwa. Pesa imetoka kwenye kerneli niliyoijenga mwenyewe ikafika Muheza.

Kisha nikabonyeza mshale wa juu, na namba yangu ya siri ikatokea kwenye kioo, wazi, kwa sababu terminali hukumbuka kila ulichoandika. Niliifuta historia yote na siku ile ile nikaandika skripti fupi inayouliza namba ya siri bila kuionyesha wala kuihifadhi. Nataja hili kwa sababu yeyote atakayejaribu atafanya kosa lile lile siku ya kwanza.

Wenzetu wa Ulaya wanaokutana Brussels kila mwaka kwenye FOSDEM, mkutano wa programu huria ambako simu huria zina chumba chao, kidonda chao ni programu za benki. Programu hizo huuliza Google kama kifaa kinaaminika, na simu iliyobadilishwa mfumo mara nyingi hujibiwa hapana. Huko mtu anaweza kushindwa kuingia kwenye akaunti yake kwa sababu tu simu yake inamtii. Sisi ukuta huo tumeuruka bila kupanga, maana pesa yetu ilijengwa juu ya kitu ambacho kila modemu inakijua. Nadhani mahali ambapo simu ya Linux ina nafasi ya kweli ya kuwa simu ya pekee ya mtu ni huku, na bado sijasikia mtu akilisema.

Lakini WhatsApp.

Michango ya msiba, ada, kamati ya harusi, kundi la ukoo: vyote viko humo. Unaweza kuifungua kwenye kivinjari, ila lazima iwepo simu kuu iliyosajiliwa, na isipotumika zaidi ya siku 14 vifaa vingine vyote vinatolewa nje. Ipo Waydroid, inayoweka Android nzima ndani ya chumba chake juu ya Linux. Inafanya kazi, na simu ya zamani inapumua kwa shida. Mimi nimefanya walichofanya wengi. Nina simu ya Android kwenye kabati, naichaji kila Jumamosi, naifungua, nairudisha.

Uhuru wangu unategemea ile ya kabatini. Nimelitazama jambo hili kwa kila pembe na sijapata jibu lake.

Kitochi cha mama

Jioni moja nilikuwa namwekea mama majina kwenye kitochi chake, nikaingia kwenye mipangilio, nikaona maandishi ya leseni. KaiOS.

KaiOS ni mtoto wa ile Firefox OS ambayo Mozilla waliiacha. Msimbo ulikuwa wazi, kampuni nyingine ikauchukua, ikautia kwenye simu za vitufe za bei ndogo, na Vodacom Tanzania wakaiuza huku kwa jina la Smart Kitochi. Chini kabisa ya yote hayo mna kerneli ya Linux.

Kwa hiyo simu iliyopiga mara saba kutoka Chalinze ilikuwa na Linux. Na isiyopokea ilikuwa na Linux.

Mwalimu alikosea na mwenye PinePhone alikosea. Linux haikushindwa kwenye simu. Imeshinda zamani, imo kwenye kila Android na kwenye vitochi kama cha mama. Kilichopotea njiani ni ruhusa. Kerneli ile inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka anayekuuzia kifaa akupe na msimbo wake ukiutaka. Kuna watengenezaji wanaotoa kwa wakati, kuna wanaotoa nusu, na kuna ambao hutasikia kitu. Na hata ukipewa msimbo, butiloda, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuamua nini kiwashwe, imefungwa kwa ufunguo usio wako.

Hapo ndipo niliirudia droo ya fundi.

Nilikwenda Kariakoo, akaivuta. Simu zimelazwa ubavuni kama vitabu, kila moja ina kipande cha utepe wa karatasi kimeandikwa kwa kalamu: "imegoma logo", "haina update", "mteja hajarudi 2022". Nilichukua moja nikaiwasha. Ikafika kwenye nembo ikarudi nyuma, ikafika ikarudi.

Kompyuta ya mezani unaweza kuiwekea Linux yoyote kwa sababu ina njia ya kawaida ya kuuambia mfumo ina vifaa gani. Simu haina. Lazima mtu aandike faili maalumu kwa kila modeli: kioo kimeunganishwa hapa, chaji hapa, kitufe cha sauti hapa. Mtengenezaji wa chipu huchukua kerneli ya mwaka fulani, huongeza vyake, humpa mwenye kiwanda cha simu, na vile alivyoongeza havirudi kwenye kerneli kuu. Miaka miwili baadaye hakuna anayevibeba. Simu haijaharibika, imeachwa.

postmarketOS, mradi wa Linux kwa simu zilizoachwa, ulitangazwa mwaka 2017 na lengo ambalo liliandikwa siku ya kwanza: simu iishi miaka 10. Wanafanya kazi hiyo ya kuandika upya na kurudisha kwenye kerneli kuu, modeli moja baada ya nyingine. Zilizofika mbali ni kama OnePlus 6 ya mwaka 2018, kwa kuwa chipu yake imepata watu wengi wa kujitolea. Nilipitia droo nzima ya fundi na orodha yao mkononi. Nilipata tatu tu zilizotajwa, na kati ya hizo hakuna hata moja inayoweza kupiga simu.

Chipu zinazojaza mifuko ya watu wa Mbagala na Gongo la Mboto hazina watu wa kutosha. Siyo kwamba haziwezekani. Walio na ujuzi hawanazo mezani, na sisi tulio nazo kwenye droo tunabishana juu ya simu ya Ujerumani.

Mlango unaofungwa

Mwanafunzi alisema Android bila Google inatosha. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zilizoidhinishwa, programu zitahitaji kutoka kwa mtengenezaji aliyejisajili na kuthibitishwa nao, hata kama hukuipakua dukani kwao: kuanzia Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwingine kuanzia 2027. F-Droid, ghala la programu huria ambalo wengi wetu tulianzia, walipaza sauti. Novemba mwaka huo huo wa 2025 Google wakasema kutakuwa na njia ya wenye uzoefu wanaokubali hatari.

Huenda njia hiyo ikawa pana. Mimi nimeona milango mingi ya butiloda ikianza na "kwa wenye uzoefu", ikaja na fomu, ikaja na kusubiri siku kadhaa, kisha ikafungwa. Simu yake isiyo na Google haiguswi moja kwa moja na tangazo hilo, lakini hata kuiondoa Google kunapitia mlango huo wa butiloda. Ndiyo maana mwanafunzi hakunishawishi. Alichonacho ni ruhusa ya mtu mwingine.

Na ndiyo maana sijaitupa simu yangu, hata baada ya Chalinze.

Saa mbili usiku

Wiki moja baada ya kurudi Muheza, mama alinipigia kwenye ile ya kabatini. Nilimweleza kwa lugha nyepesi habari ya mlinzi na kamba. Alisikiliza, akasema: "Sasa wewe utajuaje kama amezimia tena, na wewe umelala? Si mpaka mtu apige. Mimi nitakuwa nakubipu kila saa mbili."

Hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote niliousoma.

Nina daftari la kurasa themanini. Tarehe, saa, betri, simu imelala muda gani, imeita au haikuita, na baada ya sekunde ngapi. Wiki ya kwanza: nne kati ya saba. Nikaona zote tatu zilizoshindwa simu ilikuwa imelala zaidi ya saa mbili bila kuguswa. Nikaiwekea kengele ya ndani inayoiamsha kila baada ya dakika kumi ikague modemu na kulala tena. Betri iliyokuwa inakaa siku moja na nusu sasa haifiki saa ishirini. Wiki ya pili: sita kati ya saba.

Niliyaandika yote kwa Kiingereza, pamoja na kumbukumbu za mfumo, nikawatumia wanaotunza sehemu hiyo. Mmoja alijibu kwa kiraka, yaani marekebisho ya programu, cha mistari kumi na moja cha kujaribu, akauliza nimepataje vipimo vya saa ile ile kila siku kwa wiki nzima. Nikamwambia ninaye mjaribu, yuko Muheza.

Fundi wa Kariakoo amenipa simu nne kutoka kwenye droo, za modeli moja, zile ambazo anazo nyingi. Mwanafunzi amechukua mbili. Hatuna hata mstari mmoja unaofanya kazi bado. Tumefika kwenye kioo cheusi kinachotoa maandishi meupe kupitia waya, na mwanafunzi alinipigia saa sita usiku kunionyesha hayo maandishi.

Mwenye PinePhone hatujakubaliana. Anasema natupa nguvu kwenye vyuma chakavu. Jumapili ijayo tutaendelea.

Jana kiraka kilikuwa kimeingia. Kengele ya dakika kumi nimeizima. Simu nimeilaza mezani tangu saa tisa alasiri, sikuigusa. Nilikaa kitini na daftari. Saa mbili kamili, kimya. Saa mbili na dakika moja kioo kikawaka, na mlio ukatoka, na kabla hajakata nikapokea.

"Mbona umepokea?" mama alisema kwa sauti kubwa. "Mimi nilikuwa nabipu! Salio langu!"

"Nimesahau, mama. Nakurushia."

"Imeita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Andika," alisema, akakata.